Siku moja na Bosi, mbwa asiyetaka kuachwa

Saa 11:20 alfajiri
Kigoma jua hukawia. Ndugu zangu wa Dar es Salaam watakuwa wameshaanika nguo wakati sisi huku Gungu bado tunamulika njia kwa tochi. Adhana ikiisha namfunga Bosi kamba, tunatoka. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya kahawia, ana miezi saba. Nilimchukua kwa ajili ya ulinzi baada ya wezi kubeba mtungi wangu wa gesi. Wezi hawajarudi tena. Walivyoviacha anavimaliza yeye.

Watu wengi humkimbiza mbwa mpaka ulimi uning'inie, wakidhani ndiyo kumchosha. Mimi namwacha anuse: kila nguzo, kila shina la mchikichi, kila mahali mbuzi alipolala. Pua ikifanya kazi nusu saa, akili nayo inachoka, na hapo ndipo usingizi unapomjia.

Saa 12:45 asubuhi
Uji mzito wa dona. Dagaa wa Kibirizi wasio na chumvi nawagawa mafungu mawili. Fungu moja linaingia kwenye uji, la pili nalificha: wengine ndani ya gunia lililokunjwa, wengine chini ya ndoo iliyopinduliwa, wengine ndani ya mafundo ya jinzi kuukuu ambayo ni yake ya kutafuna. Meno ya utoto yameshang'oka, lakini hamu ya kutafuna haiishi na meno hayo. Mbwa kijana anaweza kuendelea hivyo mpaka apite mwaka. Mifupa ya kuku iliyopikwa simpi kabisa. Hupasuka vipande vyenye ncha, na tumbo halina pa kukimbilia.

Saa 1:20 asubuhi
Sasa funguo, maana zikilia tu Bosi anajua naondoka. Ukitaka kujua mbwa anaharibu kwa nini, tazama anaharibu wapi. Mlango wangu wa mbele, upande wa ndani, umechimbwa kwa kucha kuanzia usawa wa kitasa kushuka chini. Fremu ya mninga, mti mgumu ule, imetafunwa pembeni mpaka nyuzi zimetokeza, na sakafuni kuna madoa ya mate yaliyokauka. Mbwa aliyechoshwa na kukaa bure hutafuna chochote: mto, kiatu, rimoti. Anayeogopa kubaki peke yake hupambana na pale ulipopitia. Bosi ana yote mawili, ila la mlango ndilo zito.

Nilishawahi kuacha simu ya zamani juu ya kabati ikirekodi. Alianza kulia kabla sijafika barabarani. Akazunguka, akakwaruza, akatoa ule mlio mrefu wa kuita, baadaye kimya, akalala. Hasira ya mwanzo huo ndiyo inayokula mlango, wala si hasira, ni hofu.

Kwa hiyo asubuhi nachukua funguo, halafu naketi kunywa chai. Navaa viatu, halafu nafagia. Nafungua mlango, naufunga tena nikiwa ndani. Funguo zikilia mara nyingi bila mimi kuondoka, hazimshtui kama mwanzo. Nikienda kweli simuagi, simbembelezi. Redio inabaki inaongea, maji yapo, mlango wa chumbani umefungwa kwa komeo.

Saa 2:00 asubuhi
Dukani Mwanga, vifaa vya ujenzi. Misumari, saruji, mabati, watu wanaokopa.

Mwenzangu wa kaunta ana tiba mbili. Ya kwanza: "Mfunge mnyororo kutwa, atazoea." Mbwa wa mnyororo ninaowajua hawakuzoea, waliingia ukali. Ya pili: nikirudi nimshike, nimwoneshe kiatu, nimchape. Lakini kiatu alikitafuna saa tatu na mimi nafika jioni. Atajuaje anachapwa kwa kosa gani? Atakachojifunza ni kwamba kurudi kwangu nako kunatisha. Yale masikio yaliyolala na macho ya chini, ambayo kila mtu huyaita kukiri kosa, ni mbwa anayesoma uso wako ulivyokunjwa.

Saa 7:10 mchana
Bodaboda hadi nyumbani. Namtoa akojoe, anakunywa maji, narudi kazini. Mama mwenye nyumba yuko barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mtoto wako kalia kidogo tu. Ila aking'oa tena nguo kwenye kamba yangu, tutaonana wabaya."

Ana haki. Yeye ni mtu wa swala tano, na mate ya mbwa kwenye nguo ni kazi ya kufua upya. Kamba yangu ya nguo na yake sasa zimetenganishwa kwa wavu niliopigilia mwenyewe.

Saa 11:40 jioni
Mlango salama. Mto haukusalimika. Sponji imetapakaa kutoka sebuleni hadi jikoni, na Bosi anaruka kama mpira wa kona. Nasimama nikiangalia ukuta mpaka miguu yake yote minne ikae chini, ndipo nasalimia, kwa sauti ya kawaida. Kisha nakusanya vipande na kuvipanga juu ya meza kuona kama mto unatimia, maana sponji iliyomezwa inaweza kuziba utumbo. Umetimia, isipokuwa kipande cha kona, kama ukubwa wa ukucha hivi. Kesho nitamwangalia anavyokula na anavyokwenda choo. Akitapika, moja kwa moja kwa daktari wa mifugo.

Saa 1:30 usiku
Zoezi. Natoka, nafunga mlango, nahesabu pumzi chache, naingia kabla hajaanza kulia. Tena, kwa muda mrefu kidogo. Tena, mfupi, asijue mpangilio. Akilia, nimemzidishia; narudi nyuma. Majirani wakiniona natoka na kuingia kwangu mwenyewe wanacheka, nami nawapungia mkono.

Mchana mrefu bado unatushinda, kuanzia saa nane. Kwa hilo nimezungumza na mjukuu wa mama mwenye nyumba, yuko darasa la sita na mbwa hamtishi. Akitoka shule atamtoa uani, atamfichia dagaa, nami nitamlipa kila Jumamosi. Ameomba pia ruhusa ya kumbadilisha jina awe Messi. Hilo nimekataa.