Nilivyopata fiksi yangu Nairobi

Miezi mitano mfululizo nilikuwa nikiwapitia wauzaji wa baiskeli za mitumba kila Jumamosi. Nikisema nataka ya gia moja, naonyeshwa Black Mamba, ile nyeusi nzito ya mizigo, au ya mtoto. Nikifafanua kwamba naitaka fiksi, isiyo na fraiwili kabisa, yaani gurudumu likizunguka pedali nazo lazima zizunguke, na miguu ikizuia gurudumu nalo linazuilika, wengi walinyamaza. Mmoja alinijibu kwa upole: "Hiyo imeharibika, kaka. Fraiwili imeshika."

Sikumlaumu. Baiskeli hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mbio za uwanjani, na nyingi zinazoshuka Mombasa kwenye kontena ni za milimani, zenye gia tele. Mimi nilionja fiksi mara moja tu, rafiki aliponiazima yake asubuhi ya Jumapili kwenye Thika Road, na ule ukimya wake ulinikaa. Haina ile tik-tik-tik ukiacha kukanyaga, kwa sababu hakuna kuacha kukanyaga. Unausikia mwendo wa barabara miguuni.

Mwishowe nilielewa kwamba sitapata iliyo tayari. Nikaacha kutafuta baiskeli, nikaanza kutafuta fremu, na hapo ndipo mambo yalipobadilika, maana nilijua pa kuangalia: nyuma, pale ekseli inapoingia. Fremu za kisasa zina mdomo unaotazama chini wima. Gurudumu likishaingia limeingia, huwezi kulivuta nyuma kukaza cheni, na fiksi haina kile kimkono cha gia kinachokaza cheni chenyewe. Fremu halisi ya uwanjani mdomo wake hutazama nyuma. Lakini fremu za zamani za barabarani, za miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, nyingi zina mdomo mrefu uliolala kuelekea mbele, na huo unatosha. Nikawa nikifika kwa muuzaji nachuchumaa kwanza nyuma ya baiskeli, rangi naitazama baadaye.

Ya kwanza iliyonivutia ilikuwa Peugeot ya samawati, nzuri sana. Niliiacha kwa uchungu. Zile za zamani zina thredi za Kifaransa kwenye krenki, pande zote mbili zinafungwa kulia, na vikombe vyake vya beringi ukivihitaji leo utazunguka mji mzima bila kuviona.

Yangu niliikuta Kariobangi, kwa mzee mmoja fundi, imening'inia juu ya rundo la rimu. Vumbi tupu. Nilipopangusa bomba la kiti kwa kidole, kikatokea kibandiko cha kijani na dhahabu: Reynolds 531. Hiki ni chuma cha Birmingham, kilianza kuuzwa 1935, na kwa miaka mingi ndicho walichokimbilia waendeshaji wa mbio. Nilikagua chini ya krenki kama kuna ufa, nikapitisha vidole nyuma ya shingo kuona kama rangi imejikunja, maana fremu iliyogonga ukuta huonekana hapo. Ilikuwa nzima. Nikatoa futi: nafasi ya ekseli nyuma ilikuwa milimita 126.

"Mzee, hii ni ngapi?"

"Kumi na mbili, kijana wangu. Hiyo ni ya Uingereza."

Tulipatana elfu nane na mia tano baada ya chai mbili. Nikamtumia kwa M-Pesa palepale, nikaibeba begani mpaka stejini.

Kosa langu lilikuwa haraka. Habu ya fiksi, ile sehemu ya katikati ya gurudumu, sikuwa nayo, na fundi mwingine, si yule mzee, akaniambia habu ya kawaida ya fraiwili ya kufunga kwa thredi inatosha: unafunga sproketi, yaani ile gia ya meno, unaikaza kwa nati ya krenki, unatia gundi. Kweli thredi zinaingiana. Tatizo ni kwamba sproketi na ile nati zote zinafungwa kulia, kwa hiyo zote zinaweza kufunguka pamoja. Siku ya tisa nilikuwa nateremka Valley Road kuelekea Kenyatta Avenue, nikazuia kwa miguu kabla ya magari yaliyosimama, na ghafla pedali zikawa nyepesi, miguu inarudi nyuma bure kabisa. Sproketi ilikuwa imejifungua. Kilichoniokoa ni breki ya mbele. Baiskeli za uwanjani hazina breki kwa sababu kule wote wanaelekea upande mmoja na hakuna anayesimama ghafla. Hapa matatu inakukatia mbele kuwahi abiria. Nawasihi, breki ya mbele msiitoe.

Habu halisi ililetwa na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza. Ilinigharimu karibu sawa na fremu, na kila shilingi ilistahili. Ina ngazi mbili za thredi. Kwenye ile kubwa unafunga sproketi kuelekea kulia. Kwenye ile ndogo, ya nje, nati inafungwa kuelekea kushoto. Ukizuia kwa miguu sproketi inataka kufunguka, lakini ikisogea inaisukuma nati upande ule ule ambao nati inakaza. Niliishika mkononi usiku mzima nikiifunga na kuifungua.

Nilirudi kwa yule mzee wa Kariobangi aisuke rimu. Habu ina upana wa milimita 120, fremu 126, kwa hiyo aliongeza washa, vile vipete vya chuma, za milimita tatu kila upande. Sproketi ya mbele meno 44, ya nyuma 17: mzunguko mmoja wa pedali unanipeleka zaidi ya mita tano, na mlima wa Museum Hill naupanda bila kushuka. Kuhakikisha cheni imenyooka alivuta uzi kutoka mbele mpaka nyuma, akafumba jicho moja, akahamisha sproketi ya mbele ikae upande wa ndani. Kisha akalivuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikabaki inacheza kama sentimita moja, akakaza nati mbili kwa zamu, robo huku, robo kule.

Akainua nyuma ya baiskeli, akalisukuma gurudumu kwa kiganja. Pedali zikazunguka zenyewe. Akalisimamisha, akalizungusha kinyume, na pedali zikarudi nyuma nazo. Akarudia mara ya tatu, kisha akamwita mwanawe aliyekuwa anaziba pancha: "Hebu njoo uone hii."