Bibi hayumo kwenye fomu

Fomu ya likizo ya msiba hapa kazini kwetu inataka uweke alama: mume au mke, mzazi, mtoto, ndugu. Bibi hayumo. Nikaweka alama kwenye mzazi, pembeni nikaandika "mama", na sikudanganya. Kesho yake jibu likaja kwamba kwenye faili langu mama alishafariki zamani. Nikapewa siku moja, bila malipo.

Mama mzazi nilimzika nina miaka 6. Aliyenilea, akanisomesha, akanivusha mpaka huku, ni Bibi.

Huu ni mwaka wangu wa 8 Leicester, Uingereza, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Naogesha bibi za watu, nawapaka mafuta miguu, nawalisha uji kwa kijiko, naisikiliza hadithi ile ile kila usiku kama ndiyo kwanza naisikia. Bibi yangu mimi, Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, miezi yake ya mwisho aliogeshwa na jirani. Hilo ndilo linalonikaba koo, kuliko hata hiyo siku moja.

Simu iliingia saa saba usiku ya huku, Tanga saa kumi alfajiri. Nilikuwa zamu. Baada ya swala ya adhuhuri walishamzika. Nauli ya siku hiyo ilikuwa pauni 1,140, pigeni wenyewe hesabu ni mifuko mingapi ya saruji, na hata ningekuwa nayo mkononi, mpaka nishuke Dar nipande basi la Tanga ningekuta udongo umeshakauka.

Bosi akaniuliza alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia tisini na kitu. Akasema basi aliishi vya kutosha. Vya kutosha kwa nani? Mtu uliyeishi naye miaka yote hiyo ndiye anayeacha shimo kubwa zaidi.

Tarehe ya kuzaliwa Bibi hakuwa nayo. Kwenye kadi walimwandikia Januari 1, kama wazee wengi wa rika lake. Hesabu yake ilikuwa watoto: Uhuru wa 1961 umemkuta ana wawili wanatembea na mama yangu mgongoni. Babu alikuwa kibarua wa mkonge. Katikati ya miaka ya sitini bei ya mkonge ikaanguka, kamba za plastiki zimeingia duniani, mashamba yakapunguza watu, na Babu akawa mmoja wao. Wiki ile ile Bibi akaloweka mchele.

Alikaanga vitumbua miaka zaidi ya arobaini. Saa tisa usiku unamsikia anakuna nazi. Chuma kikishika moto alikidondoshea tone la maji: likitulia, bado, likirukaruka na kutoweka, anamimina. Mkono ule ule ulikuwa unageuza kitumbua kwa kijiti na kunisukumia kikombe cha chai ya rangi nisichelewe shule. Hela aliifunga pindo la kanga, fundo juu ya fundo. Nauli yangu ya kwanza ya kuja huku, sehemu kubwa ilifunguliwa kwenye pindo lile. Nilimwona akifungua kwa meno, vidole vilikuwa vimeshaanza kukataa.

Aliniita mke mwenzangu, mpaka mwisho. Sauti zake ninazo kwenye simu. Moja anasema, "Mke mwenzangu, hujala wewe. Sauti yako ina njaa." Na kweli nilikuwa sijala.

Mnaojipanga kuja, nawaomba kitu. Kabla ya kusaini mkataba, uliza kwa kazi hiyo familia ni nani na nani. Uingereza, tangu 2020, sheria imetaja wiki 2 kwa aliyefiwa na mtoto wa chini ya miaka 18. Malipo ya msiba wa bibi yanategemea moyo wa mwajiri wako. Hela ya nauli ya dharura iweke mahali usipoweza kuigusa hata kodi ikikubana. Mimi yangu niliigusa.

Zamu yangu ya usiku uliofuata alinishikia dada mmoja wa Kifilipino ambaye hatukuwa hata na mazoea. Hakuniuliza miaka. Aliniwekea wali kwenye kopo, akaniambia na yeye alilelewa na bibi yake. Mungu amlipe.

Arobaini ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nimetuma hela ya khitma, mchele na mbuzi mmoja, na nimesema wasomaji wakae barazani pale pale alipokuwa akiuzia. Mdogo wangu akauliza ile mbuzi ya kukunia nazi ampe nani, maana ubao wake umeshabonyea kwa kukaliwa. Nimemwambia asimpe mtu. Aivingirishe kwenye gunia, aiweke darini, nakuja Desemba.