Kisukari cha binti yangu hakikutokana na kashata

Jana jioni barazani, hapa Ngamiani, jirani kaniambia tena: "Dada, ulimdekeza mno kwa pipi na kashata, ndiyo maana." Imeniuma. Binti yangu ana miaka 9, na kisukari chake ni aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake mwenyewe imeshambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini. Kashata haihusiki kabisa.

Kilichonitisha zaidi ni shangazi yake, nampenda sana, kunishauri niache sindano nimpe maji ya mlonge, eti "akishazoea sindano ndiyo basi". Shangazi, kabla ya mwaka 1922, alipochomwa insulini mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14 kule Toronto, watoto wa namna hii walikuwa wanakufa. Sindano hiyo ndiyo inayomwezesha mwanangu kucheza rede na wenzake.

Na wali wa nazi anakula, jamani. Tunapima sukari kwanza, kisha tunapakua kwa kiasi. Ila mkimwona anatetemeka na kutoka jasho, sukari imeshuka: kama anajitambua mpeni soda ya kawaida yenye sukari upesi, msimnyime eti mgonjwa wa kisukari. Walimu wake nimeshawaeleza. Nanyi majirani zangu nawaomba sana.