Miezi miwili na vidonge vya boroni

Jamani, niliahidi mrejesho, huu hapa. Nilinunua kichupa cha vidonge vya boroni (aina ya madini), miligramu 6 kwa kidonge, baada ya dada mmoja wa dukani kuniapia kwamba "inayeyusha mafuta hata ukiwa umelala". Elfu thelathini na tano ikanitoka hivi hivi.

Nimemeza kila asubuhi baada ya chai. Siku ya kwanza mizani ilisoma kilo 84. Wiki ya nane, 83.4. Tusidanganyane, hiyo naipoteza hata nikienda msalani tu.

Ndipo nikaanza kusoma, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kutoa hela. Kumbe waliopungua ni panya wa maabara waliolishwa boroni kupita kiasi: wakapoteza hamu ya kula, na madume korodani zikasinyaa! Kwa binadamu hakuna ushahidi wa maana kwamba inapunguza uzito. Wamarekani wameweka kikomo cha miligramu 20 kwa siku kwa mtu mzima, Ulaya 10. Na nusu kikombe cha parachichi kina kama miligramu 1. Karanga, maharage na zabibu kavu zinayo pia, yaani nilikuwa naila bure tangu utotoni.

Na wewe uliyeniuliza inboksi kuhusu kunywa maji ya boraksi, ule unga wenye boroni: ile ni ya kufulia na kuulia mende. Usithubutu.

Vidonge vilivyobaki nimetupa. Kichupa mama kakiosha, anawekea karafuu.