Mwanza hadi Mtwara kwa ndege: muda unapotelea chini, si angani

Ukitafuta mtandaoni umbali wa Mwanza hadi Mtwara utapewa kilomita 1,188 hivi, na mara nyingi muda wa kuruka wa saa moja na nusu. Kilomita ni sahihi. Muda ndio unaopotosha watu: kompyuta imegawa umbali kwa kasi ya jeti, bila kujali ndege gani inaruka wala kwamba safari ya kawaida hupitia Dar es Salaam.

Umbali unaweza kuukokotoa mwenyewe. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki, wa Mtwara 10.34 kusini na 40.18 mashariki. Tofauti ya latitudo, 7.9, zidisha kwa kilomita 111.2: unapata 878. Tofauti ya longitudo, 7.25, zidisha kwa 111.2, kisha kwa 0.994 (kosaini ya latitudo ya katikati): 801. Kila jibu lizidishe kwa lenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 1,188. Njia hii inatufaa kwa sababu tuko karibu na ikweta. Kwa safari ndefu za huko Ulaya au Kanada itakudanganya. Na ukikuta mahali pameandikwa 641, hizo ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852.

Sasa pitia Dar. Mwanza–Dar ni kilomita 852, Dar–Mtwara 400, jumla 1,252. Yaani kuzunguka kote huko kumeongeza kilomita 64 tu, dakika tano hadi nane za angani! Dar haikutoi sana njiani.

Kasi za kupigia hesabu: ATR 72 (ndege ya panga boi) kama kilomita 500 kwa saa, Dash 8 Q400 (ya panga boi pia) kama 660, Airbus A220 (jeti) kama 830. Kisha ongeza dakika 15 hadi 20 za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Nyongeza hiyo ni ya kila mruko, na hapa ndipo wengi hukosea: wanaiweka mara moja. Mwanza–Dar kwa A220 inakuja kama saa 1 na dakika 20, kwa ATR karibu saa 2. Dar–Mtwara kwa Q400 ni dakika 55 hivi, kwa ATR saa 1 na dakika 5.

Upepo nao una neno, hasa kwa ndege za panga boi. Chukua upepo wa kilomita 40 kwa saa: kwa ATR, kuupinga au kusukumwa nao katika kilomita 1,188 kunatofautiana kwa dakika 23, kwa A220 ni dakika 8 tu.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta ndege yenye kasi, tafuta muunganiko mzuri Dar. Tiketi mbili za mashirika tofauti zina maana ya kuchukua mizigo na kuiandikisha upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri. Hapo acha angalau saa tatu. Na soma saa za tiketi vizuri: 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, 13:15 ni saa saba na robo mchana.