Kila mradi ulikua na fifo yake, nilivyozikusanya zikawa moja

Wakuu, kazi yangu ni bodi za kukusanya data, sensa inatema sampuli upande mmoja, USB inazipeleka kwenye kompyuta upande wa pili, na katikati ndani ya FPGA (chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe kwa kodi) lazima kuwe na bafa maana hao wawili hawaendi mwendo mmoja hata siku moja. Bafa yenyewe mara nyingi ni fifo tu, foleni ya kawaida, aliyetangulia kuingia ndo anatangulia kutoka. Kitu kidogo sana. Ila nilipokabidhiwa hiyo miradi nikakuta kila folda ina kopi yake ya fifo, hii imerekebishwa hitilafu ile haijarekebishwa, nyingine imebadilishwa majina ya waya basi, na skripti ya kujenga imeandikwa njia ya folda za jamaa aliyeshaondoka zamani. Ukitaka kujua ipi nzima unapiga ramli.

Sikuanza kwa kuandika upya. Kila kopi niliiuliza swali moja tu, wewe ukishapita kwenye sintesisi (hatua ya programu kugeuza kodi kuwa saketi) unakua memori gani? Maana kwenye Verilog, lugha ya kuelezea saketi, unaweza kuandika array (safu ya nafasi za memori) ya baiti 512 ikaonekana safi, simulesheni ikapita, alafu programu ikaijenga kwa flipflopu (kila moja inashika biti moja tu) badala ya kutumia bloki za RAM zilizomo kwenye chipu. iCE40 HX1K, FPGA ndogo, kwa mfano ina bloki 16 za biti 4096 kila moja, na LUT 1280 (vijedwali vidogo vya mantiki), kila LUT na flipflopu yake. Hiyo array ya baiti 512 inaenea kwenye bloki moja bila kubaki wala kupungua, ila kwa flipflopu inataka 4096, chipu inagoma pale pale na angalau umejua. Ubaya uko kwenye chipu kubwa. Ukiihamishia FPGA kubwa zaidi, ECP5 ya LUT elfu 24, inaingia, hakuna anayelalamika, kasi ya kloki (mapigo yanayoendesha saketi) inashuka tu na wewe unabaki kulaumu kitu kingine kabisa.

Vinavyosababisha hivyo hasa ni viwili, reseti inayofuta array nzima na kusoma bila kloki. Bloki ya RAM haina namna ya kufuta vyote vilivyomo kwa mkupuo, na kwenye hizi chipu inasoma kwa kloki, unaipa anwani sasa hivi data inatokea baada ya pigo la kloki. Kwa hiyo kwenye moduli ya memori nikatoa reseti yote. Reseti iguse pointa (namba za nafasi) za kuandikia na kusomea tu, memori iache na takataka zake, maana pointa zikisema fifo tupu hakuna atakayezisoma. Na huko ndani nikaacha mistari miwili tu ya maana, ukiruhusiwa kuandika andika, ukiruhusiwa kusoma soma, yote kwenye kloki. Waliokua wanataka data iwe mlangoni tayari kabla hawajaiomba nikawawekea rejista moja ya nje juu ya fifo, kwa hiyo kuna moduli ya memori, juu yake fifo, juu yake hiyo rejista kwa anayeihitaji. Nilichogundua ni kwamba kopi nyingi zilikua zinatofautiana kwa hicho kitu cha mwisho tu!

Fifo ya kloki mbili ndo ilinila muda. Pale upande wa kuandika una kloki yake na wa kusoma una yake, na kila mmoja anahitaji kujua pointa ya mwenzake imefika wapi. Ukiipeleka kwa namba za kawaida, kutoka 7 kwenda 8 ni 0111 kwenda 1000, biti zote nne zimebadilika, na upande wa pili ukisoma katikati ya mabadiliko unaweza kupata namba yoyote ile hata ambayo haijawahi kuwepo. Ndo maana watu wanatumia namba za Gray (Frank Gray wa Bell Labs, hataza yake ilitoka 1953), kila hatua inabadilika biti moja tu, kwa hiyo upande wa pili utaona ya zamani au mpya, zote salama. Unapitisha kwenye flipflopu mbili zilizofuatana na unaongeza biti moja kwenye pointa ili kutofautisha imejaa na tupu, fifo ya nafasi 16 pointa yake ni biti 5. Hayo yapo kila mahali. Ambayo watu hawasemi sana ni haya: namba ya Gray itoke kwenye rejista kabla haijavuka, isitoke moja kwa moja kwenye mlango wa XOR unaoitengeneza, maana mlango huo unaweza kutetema kabla haujatulia. Na programu ya kupima muda usiiambie tu kwamba hizo waya izipuuze. Ukiipuuzisha inaweza kupitisha biti moja njia fupi na nyingine inazunguka chipu nzima, tofauti ikizidi pigo moja la kloki basi Gray yako haina kazi tena. Kwenye Vivado, programu ya kujengea FPGA za Xilinx, naweka amri ya set_max_delay yenye -datapath_only, naipa ukomo usiozidi pigo moja la kloki inayotuma.

Alafu ukubwa lazima uwe 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Mtu akiandika DEPTH (idadi ya nafasi) ya 1000 itaenda vizuri mpaka pointa itoke 999 irudi 0, hapo zinabadilika biti zaidi ya moja kwa pamoja, na simulesheni ya kawaida haioni ubaya wowote. Sasa hivi moduli yenyewe inakataa kujengwa ukiipa namba ya hivyo. Ni bora mtu akasirike mezani kuliko bodi ikafie site.

Upande wa kujenga sasa. Makefile (faili la maelekezo ya Make, programu inayoendesha ujenzi) iliyokuwepo ilikua na orodha ya mafaili iliyoandikwa kwa mkono, na faili la parameta linaloingizwa kwa include halikuwemo, kwa hiyo ukibadilisha upana wa data Make inaangalia tarehe za mafaili inayoyajua na kukwambia kila kitu kiko sawa. Dawa ni kumwachia Yosys, programu huria ya sintesisi, aandike orodha mwenyewe, ukimpa -E na jina la faili anatoa utegemezi wote kwa mtindo wa Make. Baadaye nikahamia FuseSoC ya Olof Kindgren, programu ya kusimamia moduli za namna hii, kila moduli ina faili lake la .core linaloanza na CAPI=2: na ndani unataja mafaili na inategemea nani. Kopi zikafa hapo, mradi unataja jina na toleo. Kama una mradi mmoja tu lakini usijisumbue, Make inatosha.

Kitu ninachojivunia kweli ni jedwali. Ni faili dogo lenye upana, urefu, aina ya chipu na idadi ya bloki zinazotarajiwa, skripti ya Python inazungusha Yosys kwa kila mstari, inasoma ripoti ya stat na kulinganisha, SB_RAM40_4K (bloki ya RAM ya iCE40) ikitoka 1 ikawa 0 au 2 ujenzi unafeli. Nikisasisha Yosys naendesha hilo kwanza kabla ya kitu chochote. Jamaa mmoja kazini alitaka kuongeza biti moja ya kuonyesha mwisho wa pakiti, 512 kwa 8 ikawa 512 kwa 9, jedwali likapiga kelele palepale: kwenye iCE40 hiyo biti moja inakula bloki ya pili nzima. Kwenye ECP5 ni bure, bloki zake ni kilobiti 18 na zimepangwa kwa 9, 18 na 36. Tukaongea dakika chache tu, ile ya iCE40 tukaonyesha mwisho wa pakiti kwa njia nyingine.

Mbali na hapo kuna Verilator kwa ukaguzi wa upana wa waya, na SymbiYosys inayothibitisha kwamba kilichoingia kinatoka kwa mpangilio uleule na fifo haizidi kujaa, naiendesha kwenye fifo ya nafasi 4 maana ndogo inafika kwenye kujaa na kuzunguka haraka. Vyote hivyo vinaenda kwenye laptop. Vivado ni makumi ya gigabaiti, kwa bando la simu sahau, iko kwenye mashine ya ofisini na inaendeshwa tunapotoa toleo.

Iliyobaki nje ni bafa ya upana tofauti, inaingia 8 inatoka 32. Kila chipu inataka iandikwe kivyake ndo ikae kwenye bloki chache, kwa hiyo kwa sasa ina mafaili mawili na mistari yake kwenye jedwali.