Nilivyojifunza kuoka bila shira

Nimeuza visheti na maandazi Ngamiani, hapa Tanga, kwa miaka 11. Shira naijua kwa vidole: ikivuta uzi mmoja kati ya gumba na shahada, epua, ukichelewa inakuwa mawe. Basi mama alipoambiwa ana kisukari, aina ya pili, niliona haya kama vile mimi ndiye niliyempakulia ugonjwa kwenye sahani.

Yeye wala hakulalamikia wali kupunguzwa, wala vidonge vya metformin asubuhi na jioni. Kilichomuuma ni chai ya saa kumi. Visheti vyangu marufuku, kashata marufuku, na mkate wa kumimina, ambao yeye ndiye aliyenifundisha kuupika, marufuku. "Mwanangu," aliniambia siku moja, "mtu hanywi chai akitafuna ukuta."

Nikaamua kumwokea kitafunwa cha matunda. Nilidhani, kama wengi wetu, kwamba sukari ya dukani ndiyo mbaya na matunda hayana neno. Nikachukua tende gramu 400, zabibu kavu gramu 100, ndizi 3 zilizoiva hadi maganda yakawa na madoa, oti za uji gramu 200, na asali nusu kikombe, maana kila jirani aliniapia kuwa asali haimdhuru mgonjwa wa sukari. Nikaponda, nikashindilia kwenye sufuria, nikaoka, nikakata vipande 16. Vilitoka vizuri mno: vyeusi, vinanata, vinanukia hiliki. Mama alikula viwili, akanisomea dua.

Kabla ya kula, kipimo cha sukari ya damu kilisoma 7.2, kwa milimoli kwa lita. Saa mbili baadaye, 14.6. Nilidhani mashine imekosea, nikamchoma kidole kingine, na vile vijikaratasi vya kupimia si bei ya mchicha. 14.3.

Wiki iliyofuata ilikuwa kliniki. Mtaalamu wa lishe, binti mdogo tu, hakunicheka. Aliniomba nimtajie kila kilichoingia, akawa anaandika nyuma ya daftari la mama: tende zile peke yake zina wanga (sukari yenyewe imo humo) kama gramu 300, asali 140, oti 130, ndizi na zabibu kama 80 kila upande. Jumla inapita 700. Gawa kwa 16. Kila kipande kilibeba gramu 45 hivi za wanga, na sukari iliyomo inafika vijiko 8 vya chai. Mama alikula viwili.

"Lakini ni asali," nikajitetea.

"Dada, mwili hauulizi kama imetoka kwa nyuki au kiwandani."

Ndipo akanieleza jambo ambalo muuza vitafunwa nilipaswa kulijua zamani. Tunda likikaushwa, kinachoondoka ni maji. Sukari inabaki palepale. Embe mbivu gramu 100 ina wanga kama gramu 15, lakini kavu ya uzito huohuo hupita 70. Tende na zabibu ni hivyohivyo. Akanitajia pera: wanga kama gramu 14 kwa kila 100, na humo nyuzinyuzi ni kama 5, nazo ndizo zinazoifanya sukari ipande polepole. Nilitoka pale nikapitia sokoni moja kwa moja.

Nikiri kwamba niliona ni kazi ndogo. Toa tende, tia mapera, basi. Kumbe sukari haikai kwenye kitafunwa kwa ajili ya utamu tu. Ndiyo inayoshikilia vipande pamoja, ndiyo inayotia rangi ya kahawia, na ndiyo inayozuia kuvu. Ukiitoa, zote tatu zinakudai kwa mpigo.

Mkupuo wa kwanza ulibomoka ukawa kama chakula cha kuku. Wa pili niliuunguza, kwa sababu jicho langu lilikuwa linangoja rangi ya dhahabu na rangi hiyo haikuja mpaka chini kukawa mkaa. Nilijaribu pia ile sukari ya unga ya wagonjwa. Mama akaramba, akasema ni kama kulamba betri. Sikuirudia.

Kilichoniokoa ni kuyapika mapera yenyewe. Ninachukua yaliyoiva, nusu kilo ya nyama yake, nayakata na maganda yake, nayachemsha kwa maji kidogo sana, kisha nayapitisha kwenye chekeche kwa sababu mbegu zinamsumbua mama kwenye meno ya bandia. Halafu narudisha jikoni, moto mdogo, nakoroga bila kuondoka. Baada ya kama dakika 40 rojo inageuka: mwiko ukipita unaacha njia, na chini ya sufuria unaona kwa sekunde mbili kabla haijajifunga tena. Hapo inanata vidoleni karibu kama shira. Siku ya kwanza kuiona hivyo nilicheka peke yangu.

Kwenye rojo hiyo naweka oti gramu 200, karanga zilizokaangwa gramu 150 nilizozitwanga nusunusu, ufuta gramu 50, unga wa ubuyu vijiko 3 vya mezani, yai 1, mdalasini, hiliki na chumvi kidogo. Ubuyu ni ule unga mweupe mkavu, si ule mwekundu wa kumumunya, ambao umezungushiwa sukari. Nao unasaidia kushika, na uchachu wake unaufanya ulimi uone tunda zaidi ya lililopo. Na tende 5 ndogo, zilizopondwa. Siyo 0. Bila hizo tano mama alikuwa anakula kwa adabu tu, na kitafunwa kinacholiwa kwa adabu hakina maana. Nakata vipande 24, vidogo kama kiberiti. Kwa hesabu aliyonifundisha yule binti, kila kimoja kina wanga kama gramu 12.

Moto ni wa juu na chini, kama wa mkate: makaa machache chini ya sufuria, mengi zaidi juu ya bati. Siangalii rangi tena. Nasikilizia harufu ya karanga, kisha nabonyeza katikati kwa kidole. Kikirudi juu, tayari.

Kuvu ndiyo ilikuwa ya mwisho kunishinda. Joto la Tanga unalijua, na unyevu wake. Siku ya nne nilifungua kopo nikakuta manyoya ya kijani. Sasa vikishakatwa navirudisha kwenye sufuria, navipanga vimeachana, makaa yanayokaribia kufa, nusu saa nyingine vikauke pembeni. Vya siku tatu vinakaa kwenye kopo, vingine kwenye friji.

Mama alikula kimoja na chai isiyo na sukari. Kutoka 6.9 hadi 8.4. Tulipima siku sita, hakikupita 9. Siku ya saba alikula vitano, kwa sababu nilimwambia havina sukari, na kipimo kikasema 12.1. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo sitamki "havina sukari". Nasema ni vya mapera, kula kimoja.

Kuna siku nyingine nisiyoisahau. Walikuwa wamemwongezea kidonge cha pili, cha kuisukuma kongosho itoe insulini zaidi, ile inayoshusha sukari. Alasiri moja nikamkuta anatetemeka, jasho limemlowesha kanga, kipimo 3.4: sukari imeshuka mno. Mwanangu akakimbia kuleta kopo la vipande. Nikamwambia rudisha, lete sukari. Karanga na nyuzinyuzi zinaichelewesha sukari, na hicho ndicho nilichohangaika kukipata miezi mitatu. Lakini mtu aliyeshuka hana muda wa kungoja. Vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, akanywa yote. Baada ya dakika 15 alisoma 4.8, akauliza kwa nini nimemwaga maji sakafuni. Kisha ndiyo akapewa kipande, ili asishuke tena.

Wajukuu waliviita "kashata za bibi". Yeye alikataa. "Kashata naijua mimi," alisema, na kweli hakuna wa kumfundisha.

Juzi mteja wangu wa maandazi aliviona mezani, akaomba kununua vya mumewe. Akanishauri niandike juu ya kopo "dawa ya kisukari", ningeuza mpaka Muheza. Nilikata karatasi, nikaandika: mapera, oti, karanga, ufuta, ubuyu, yai, tende 5, vipande 24, kimoja na chai. Nikamwambia ampime mumewe kabla na saa mbili baada, maana mwili wa mama si wake. Nilipokuwa natafuta gundi ya kubandikia, mama alivuta karatasi, akavaa miwani, akaisoma yote akitikisa kichwa. Akachukua kalamu, akaongeza chini kwa herufi zake kubwa: SI KASHATA.